Puliza, Tema, Endelea

Kipkemoi alifundishwa kupuliza nozeli na dada yake Chelagat, akiwa na miaka tisa, katika shamba la viazi la baba yao pale Sachangwan.

Mama yao alikuwa amezikwa mwaka uliotangulia. Baba alikuwa mtu wa kwenda na kurudi, zaidi kwenda. Chelagat, aliyekuwa na miaka kumi na tano tu, ndiye aliyekuwa mama wa nyumba ile, na viazi vilipoingiwa na baridi, ule ugonjwa unaokausha majani kana kwamba yamemwagiwa maji moto, yeye ndiye aliyejitwika pampu mgongoni. Asubuhi hiyo pampu iliziba. Chelagat akafungua nozeli, kile kifuniko kidogo cha mbele chenye tundu, akakiinua kwenye mwanga, akakitia mdomoni, akapuliza kwa nguvu, akatema mate mara mbili. Kisha akampa mdogo wake.

"Puliza, tema, endelea," alimwambia. "Ukikaa hapa kutafuta mwiba wa kuchokonolea, mvua itatukuta."

Kipkemoi akapuliza. Akakunja uso. "Ni chungu!"

"Kwani ulitaka iwe sukari?"

Wakacheka wote wawili. Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba ni vibaya. Baba yao alifanya hivyo, majirani walifanya hivyo, na hata mwuza dawa za shamba wa Molo alikuwa akipuliza nozeli dukani kwake mbele ya wateja, kuwaonyesha kwamba pampu yake ni nzima.

Chelagat alimlea mdogo wake kwa viazi. Kila siku alipanga ndoo kando ya barabara kuu na kuwakimbilia wasafiri waliosimama. Kipkemoi alimaliza darasa la nane, akakataa kuendelea, akaenda kujifunza kuendesha trekta. Akapata kazi katika shamba kubwa la ngano upande wa Rongai, kule chini ambako ukisimama Sachangwan asubuhi pasipo ukungu unaona mashamba yametandazwa kama mablanketi. Alikaa hapo miaka ishirini na miwili. Alioa msichana mpole aitwaye Cheruto, akajenga nyumba ya mabati futi hamsini kutoka kwa dada yake, akawa shemasi.

Hakuwa mtu wa makuu. Alijulikana kwa mambo mawili. La kwanza, mistari yake shambani ilikuwa imenyooka, na wenye kujua walisimama barabarani kuitazama. La pili, lilikuwa la kuchekesha: tundu lolote alilolikuta aliliwekea mdomo. Simu ikikataa kuingiza chaji, aliipuliza. Kifuniko cha chupa ya chai, alikipuliza. Jumapili, kabla ya ibada, yeye ndiye aliyewasha vyombo vya sauti, na kila mara aliipuliza maikrofoni mara tatu, fuu, fuu, fuu, mpaka watoto wakazoea kuitikia kutoka kwenye mabenchi ya nyuma. Mchungaji alisema kwa mzaha kwamba Mungu alimpulizia Adamu pumzi mara moja, lakini Kipkemoi anaigawa kila siku.

Mwaka jana, mwezi wa pili, ndipo ile mashine ililetwa.

Trekta la kupulizia dawa lilikuwa na mabawa mawili ya chuma, na kwenye mabawa hayo nozeli ishirini na nne. Fundi alikuja kutoka Nakuru mjini, akafunga kwenye mpira wa kila nozeli kidude chenye ukubwa wa kidole gumba, akavuta nyaya mpaka ndani ya kibanda cha dereva, akaweka skrini. Kwenye skrini kulikuwa na vijiti ishirini na vinne vya kijani. Dawa ikipita vizuri, kijiti kinabaki kijani. Nozeli ikianza kuziba, kijiti chake kinageuka chekundu, na mashine inalia kama kifaranga aliyeachwa na mama yake.

Kipkemoi aliipenda kama mtoto. Jumapili hiyo alimweleza dada yake kwenye chakula cha mchana, akipanga maharagwe ukingoni mwa sahani ili aelewe.

"Zamani, dada, nilikuwa nikijua imeziba baada ya wiki mbili. Nyasi zimekufa kote, halafu unaona mstari mmoja wa kijani katikati, kutoka huku mpaka huko. Kila anayepita barabarani anaona aibu yangu. Sasa inaniambia papo hapo. Namba saba, shuka!"

"Na ukishuka unafanya nini?"

"Nafanya ulivyonifundisha." Akapuliza harage moja likaruka mezani. Cheruto akacheka. Chelagat hakucheka.

Maana Chelagat alikuwa amefunzwa upya. Miaka miwili kabla ya hapo wakulima wa viazi waliitwa kwenye mafunzo katika ukumbi wa kanisa, na mama mmoja mtaalamu aliwauliza: nani hapa hupuliza nozeli kwa mdomo? Mikono yote ikainuka, watu wakichekeana. Yule mama hakucheka. Aliwaeleza mpaka ukumbi ukanyamaza. Tangu siku hiyo Chelagat hakutia tena nozeli mdomoni, na alidhani mdogo wake, mtu wa mashine kubwa na wenye shamba waliosoma, alikuwa ameacha zamani.

Sasa alimtazama vizuri. Kwenye pembe ya mdomo wake, chini, kulikuwa na doa la rangi ya samawati iliyochanganyika na kijani. Dawa ile ya kuchoma nyasi kabla ya kupanda hutiwa rangi makusudi, ili mtu asiichanganye na kinywaji.

"Kipkemoi, unapuliza mara ngapi kwa siku?"

"Zamani mara mbili, tatu. Siku hizi," akafikiri, "siku mbaya inafika kumi na tano. Mashine inaona hata kale kadogo ambako mimi nisingeona."

Hapo ndipo hofu ilipomwingia Chelagat, na haikumtoka tena. Jumatatu alienda dukani akanunua mswaki mpya, mgumu, akampelekea kabla hajatoka.

"Ni mimi niliyekufundisha," alisema. "Leo nakufundua. Usitie kitu hicho mdomoni tena. Sugua na hii, suuza na maji safi."

Kipkemoi aliugeuza mswaki ndani ya karatasi yake. "Dada, hii inakula dakika tano. Mdomo ni sekunde kumi. Na ile mashine inaandika kila nikisimama, inampelekea msimamizi, Jamleck, kwenye simu. Dakika tatu zikipita ananipigia: mzee, namba saba kuna nini, umelala?"

"Mwambie unasugua."

"Sawa, dada. Nitasugua." Akautia kwenye mfuko wa koti lake la kazi.

Chelagat alimjua tangu anatambaa. Aliijua "sawa dada" ya kutii na "sawa dada" ya kufunga mazungumzo. Wiki hiyo alipanda pikipiki akateremka mpaka shambani kumwona Jamleck.

Jamleck alikuwa msimamizi, kijana mwenye stashahada ya kilimo, mwenye adabu. Alimpa kiti. Alimsikiliza. Akasema, "Mama, hata mimi simwambii apulize kwa mdomo. Glavu ziko stoo. Barakoa ziko stoo. Hata nimewaandikia ilani wazivae."

"Na kwa nini nozeli zinaziba namna hiyo?"

"Ni maji ya bwawa. Yana matope."

"Hamna chujio?"

Jamleck akaangalia mlango. "Liko. Liliraruka. Wamewekea kipande cha gunia kwa sasa. Jipya tumeagiza."

Chelagat aliliona mwenyewe akitoka, kwenye mdomo wa tangi: kipande cha gunia la viazi kimefungwa kwa waya, nyuzi zake zikining'inia ndani. Nyuzi hizo hizo ndizo zilizokuwa zikienda kuziba nozeli. Walikuwa wamenunua kitu cha kuwaambia kwamba kumeziba, na hawajaweka kitu cha kuzuia kuziba. Alitaka kurudi ndani amwambie Jamleck hivyo. Lakini alikuwa mwanamke wa kuuza viazi kando ya barabara, na yule alikuwa bosi wa mdogo wake, na akaogopa kumharibia kazi. Akapanda pikipiki. Njiani aliomba. Alimwambia Mungu: mimi nimefanya langu, sasa namwacha mikononi mwako.

Sala hiyo ilikuja kumnyima usingizi baadaye. Alijiuliza kama kweli alimkabidhi Mungu jambo la Mungu, au alimkabidhi kazi ambayo Mungu alikuwa amempa yeye.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi moja ya mwezi wa nne. Mawingu yalikuwa yamejaa juu ya milima ya Mau tangu asubuhi, na ekari thelathini zilikuwa bado. Dawa ile ikipigwa na mvua kabla haijakauka ni kazi bure, hivyo Jamleck alikuwa amepiga simu mara mbili. Kipkemoi alisimulia mambo haya mwenyewe, kwa vipande, akiwa kitandani, na Chelagat aliyaunganisha.

Namba saba iligeuka nyekundu kwa mara ya kumi na moja. Kifaranga kikalia. Kipkemoi akaruka chini, na kwa haraka hakuzima pampu kwanza wala kuacha mpira utoe pumzi yake. Akafungua nozeli, akapuliza, ikatoka safi. Lakini mpira wenyewe nao ulikuwa umeziba, kwa hiyo akaushika na kuuweka mdomoni ili aupulize pia. Uzi wa gunia ukaachia. Dawa ikamjia kooni kwa nguvu yote ya pampu. Alimeza kabla hajajua anameza.

Akatema. Akasukutua kwa maji ya dumu. Akasimama kidogo akiwa ameshika gurudumu. Simu ikalia.

"Mzee, namba saba dakika nne hizo."

"Imefunguka," alisema Kipkemoi, na akapanda, na akamaliza ekari zote kabla ya mvua.

Jioni alimwambia Cheruto, "Imeniingia kidogo. Nipe maziwa." Watu wote wanajua kwamba maziwa hukata sumu. Cheruto akamtilia mursik, yale maziwa ya kibuyu, vikombe viwili, na alfajiri vingine viwili. Ijumaa alienda kazini. Jumamosi ulimi ulianza kuchubuka. Alimkataza mke wake asimwambie dada. "Atakuja na mswaki mwingine," alisema.

Jumapili aliwasha vyombo vya kanisa kama kawaida. Akaipuliza maikrofoni mara moja tu. Watoto walingoja ya pili na ya tatu, haikuja. Chelagat aligeuza kichwa kutoka safu ya akina mama, akamwona ameshika kifua.

Hakungoja baraka ya mwisho. Alimtoa nje kwa mkono, akamwambia afungue kinywa, akaona ndani kulivyokuwa. Kabla ya saa nane walikuwa hospitalini Nakuru.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo. Aliuliza jina la dawa, Cheruto akalitaja. Akauliza ni siku ngapi.

"Nne," alisema Cheruto. "Lakini amekunywa maziwa."

Daktari akaweka kalamu chini. "Maziwa hayaiwezi hii, mama," alisema polepole. "Hata sisi, siku nne zikipita, tunaweza kidogo sana." Aliwaeleza kwamba figo zinashindwa na mapafu yanakauka kidogo kidogo, yanakuwa kama ngozi. Kisha akasema jambo ambalo Chelagat hakuweza kulimeza: kwamba hewa ya mtungi, ambayo wagonjwa wengine wote wa wodi ile walikuwa wakipewa wakitweta, kwa huyu ingeharakisha kuungua kwa mapafu, na kwa hiyo wangeichelewesha kadiri watakavyoweza.

Siku kumi na moja Chelagat alikaa kwenye kiti cha plastiki akimsikiliza mdogo wake akitafuta hewa. Watu wa kanisa walikuja wakaomba, wakaimba kwa sauti ya chini. Jamleck alikuja mara moja, na matunda, akasimama miguuni mwa kitanda, akayaweka hapo, akaondoka. Kipkemoi alikuwa na akili zake zote. Hiyo ndiyo ilikuwa shida. Sumu ile haimpi mtu usingizi.

"Dada," alisema siku ya saba, maneno mawili kwa pumzi moja, "kama ningekuwa... na ile skrini kifuani... ingekuwa nyekundu yote."

"Nyamaza, pumzika."

"Inge-lia kama kuku wa... soko zima."

Alicheka, na kicheko kikamgharimu dakika nyingi. Kilipotulia, Chelagat aliinama akasema lile lililokuwa limemkaa kooni. "Ni mimi niliyekufundisha. Kwenye viazi. Ni mimi."

Kipkemoi akamgeukia. "Nilikuwa na miaka tisa," alisema. "Nina arobaini na moja." Akapumzika. "Ulinipa mswaki. Sikuufungua hata karatasi."

Chelagat alijifuta macho kwa leso. Alikuwa akilia bila sauti.

"Dada. Kiplimo."

Kiplimo alikuwa msaidizi wake shambani, mtu wa miaka ishirini na sita, mwenye mke na mapacha. Sasa ndiye aliyekuwa juu ya lile trekta.

"Nilimfundisha," alisema Kipkemoi. "Kwa maneno yako. Puliza, tema... Mwambie aache. Usimwombee tu. Mwambie."

Alikufa siku ya kumi na moja, alfajiri, Chelagat akiwa ameshika mkono wake na Cheruto akiwa ameenda kujaza maji. Mpaka leo Cheruto huuliza kama mumewe alimwita. Chelagat humwambia ndiyo, na kila mara humwomba Mungu amsamehe uongo huo.

Walipotayarisha nguo za kumzika, Chelagat alipekua koti la kazi. Mswaki ulikuwa kwenye mfuko wa ndani, ndani ya karatasi yake, pamoja na kitabu kidogo cha nyimbo na nozeli tatu za akiba. Akauhifadhi. Kwenye mazishi, kijana wa kwaya alipowasha maikrofoni aliipuliza bila kufikiri, fuu, na mtoto mmoja nyuma akaitikia. Ikabidi wanawake wawili wamshike Chelagat.

Siku ya tatu baada ya mazishi, nyumba ikiwa bado na wageni na masufuria ya chai, alivaa buti za mvua na kujifunga leso.

"Mama, unaenda wapi? Mfiwa hatoki," shangazi yao alimwambia.

"Nimetumwa," alisema, akatoka.

Aliliona trekta kutoka mbali, limekunjua mabawa yake katikati ya shamba. Alipofika ukingoni likasimama. Kiplimo akashuka, akaenda upande wa kulia, akafungua kitu, akakipeleka mdomoni.

"Kiplimo!" Upepo ulichukua sauti. "Kiplimo, wacha!"

Akaingia ndani ya nyasi zilizokwisha kupigwa dawa, akikimbia kama alivyoweza na buti zile. Kiplimo akageuka, nozeli mkononi, mdomo umelowa.

"Mathe? Pole sana kwa... mbona umekuja huku?"

"Tema! Sukutua! Si hayo maji ya bwawa." Akamwaga mkononi mwake maji ya chupa aliyobeba. Alimsimamia mpaka chupa ikaisha. Kisha akatoa mswaki, akaipasua karatasi yake kwa meno, akampa. "Kuanzia leo ni hii."

Kiplimo alionekana kutaka kulia. "Mathe, mimi najua. Nilimwona mzee. Lakini nikisimama dakika tatu—" Na simu yake ikalia, kama iliyoitwa.

Chelagat akaichukua.

"Kiplimo, namba saba kuna nini?" Ilikuwa sauti ya Jamleck.

"Ni dadake Kipkemoi. Nimesimamisha trekta yako."

"Mama. Pole sana, mama."

"Lile chujio liko wapi?"

"Lilikuja."

"Lini?"

"Ile wiki alikuwa hospitali. Liko stoo. Tulikuwa na haraka ya kumaliza, mama, kulifunga ni kutoa maji yote kwenye tangi, nikasema tukimaliza hii..."

"Lilete," alisema Chelagat. Akarudisha simu, akaketi kwenye ngazi ya trekta, ili Kiplimo asipande.

Jamleck alikuja kwa pikipiki, boksi likiwa limefungwa nyuma kwa kamba ya mpira. Hakuna aliyemsalimu mwenzake. Walifungulia tangi maji yakatoka upande wa shimo la taka, wakakata waya, wakatoa kile kipande cha gunia kilichokuwa kimegeuka rangi, wakafunga chujio jipya na skrubu nne. Kiplimo akasugua nozeli zote kwa mswaki, moja baada ya nyingine, ishirini na nne, Chelagat akizihesabu. Jamleck alitoa kwenye boksi glavu alizozileta kutoka stoo, akazitazama, kisha akampa Kiplimo, naye akazivaa.

Wakachanganya dawa upya. Trekta likaanza kwenda. Chelagat alisimama ukingoni akisikiliza. Lilienda mpaka mwisho wa shamba, likageuka, likarudi, likageuka tena. Kifaranga hakikulia hata mara moja.

Jamleck alikuwa amesimama kando yake, akiangalia simu. Vijiti vyote vilikuwa kijani.

"Imechukua muda gani?" Chelagat aliuliza.

"Nini, mama?"

"Kufunga."

Jamleck alitazama saa. 

"Nusu saa," alisema.

Chelagat aliitikia kwa kichwa. Aliinama akaokota kile kipande cha gunia kwa kijiti, akakitupa ndani ya shimo, akaanza kupanda mlima kurudi Sachangwan. Alijaribu kuomba njiani, na hakupata neno ila hilo moja, na alilirudia mpaka nyumbani: nusu saa, Bwana. Nusu saa.